Mwanangu ana jina la babu yake: nimwambie alikuwa mtu gani?

Swali: "Mshauri, habari ya kazi. Baba yetu alifariki Agosti 2011, akamwacha mama na watoto wanne. Tulimzika nyumbani Vihiga. Wasifu uliosomwa siku ile ulimfanya malaika: mcha Mungu, mpenda familia, mpatanishi wa majirani. Sisi tulikuwa tumekaa viti vya mbele tukisikiliza, na sote tunajua alivyokuwa akimpiga mama Jumamosi usiku akitoka kunywa, wakati tukiishi hapa Nakuru kwenye nyumba za reli. Mama hataki asemwe vibaya. Kaka yangu, kifungua mimba aliyenipita miaka 11, hataki hata atajwe. Mimi ni kitinda mimba. Mwanangu wa miaka 9 ndiye aliyerithi jina lake, na sasa mwalimu amewapa kazi ya kuandika kuhusu babu au nyanya. Juzi akauliza mezani, 'Babu alikuwa mtu gani?' Mama akaanza kusifu, kaka akasukuma sahani akatoka nje. Mimi nakumbuka Jumapili jioni baba alikuwa akitupiga viatu rangi, jozi nne zimepangwa mstari mlangoni, lakini hilo si la maana. Nimwambie nini mtoto? Na sisi tutamwongelea vipi baba bila kugombana?" Mama Baraka, Nakuru.

Jibu: Mama Baraka, pole. Pole ya msiba haina siku ya kuisha, kwa hiyo naitoa hata sasa.

Nimeisoma barua yako mara nne, na kila mara nimesimama pale kwenye viatu. Umeandika kwamba hilo si la maana. Nakuomba radhi, nitakupinga hapo, lakini si sasa hivi. Tuanze na wasifu, kwa sababu naona ndio uliowachoma.

Nimekaa kwenye kamati nyingi za mazishi, Vihiga, Kakamega hadi Siaya, na nimeona jinsi wasifu unavyoandikwa. Ni usiku. Tenti imeshasimamishwa, jenereta inanguruma, na kuna binamu mmoja mwenye kompyuta au mwenye mwandiko mzuri. Mwili unatoka mochari kesho, na kijana wa pikipiki anasubiri kurasa azipeleke sokoni zikachapwe. Kila anayepita anaongeza neno. Mzee wa kanisa anataka mwaka wa ubatizo uingie. Shangazi anataka wakwe watajwe wote, asiachwe hata mmoja. Mtu ananong'ona, yule mtoto wa nje tutamwandika? Hakuna anayeuliza marehemu alikuwa mtu gani, maana muda haupo na pale si mahali pake. Watakaosikiliza ni wakwe, waumini, wenzake wa kazini, pengine na mheshimiwa fulani. Kazi ya karatasi ile ni kumfikisha mtu kaburini kwa heshima kabla mvua ya alasiri haijafika. Ndiyo maana huandikwa "aliugua kwa muda mfupi" hata kwa mtu aliyelala kitandani miaka miwili.

Kwa hiyo usiusome wasifu ule kama ushahidi, wala usikae na uchungu kana kwamba kuna mtu alipanga kuwadanganya. Ulikuwa salamu za kumuaga. Shida yenu ni kwamba baada ya salamu hizo hakuna mtu aliyesema kitu kingine, miaka yote hii. Wasifu wa dakika kumi ukageuka kauli ya mwisho ya familia.

Wazee wetu hawakuishia kaburini. Kwa Wabukusu wa Magharibi mwa Kenya, mzee wa heshima akishazikwa, watu hurudi siku ya tatu kumsikiliza msemaji maalumu, katika desturi wanayoiita khuswala kumuse. Msemaji hutembea mbele ya watu na fimbo yake, anaeleza ukoo ulikotoka, anampa marehemu nafasi yake ndani ya safari hiyo ndefu, kisha anawaonya walio hai bila kumbembeleza mtu. Si kila aliyekufa hufanyiwa hivyo, na si kila kabila lina desturi hiyo. Lakini kuna kikao kingine ambacho karibu nyumba zote za Magharibi wanakijua. Siku chache baada ya mazishi, pengi ndiyo siku ya kunyoa nywele, familia hukaa na swali linaulizwa peupe: ni nani anamdai marehemu? Na yeye alikuwa anamdai nani?

Umewahi kukaa kwenye kikao hicho? Mtu anasimama, anavua kofia, anasema, "Nilimpa ndama mwaka ule wa ukame, tukapatana, hakunimalizia." Hakuna anayemkemea kwamba marehemu hasemwi vibaya. Deni linatajwa kwa kiasi chake, linaandikwa kwenye daftari, na mwana mmoja anaambiwa hili ni lako. Halafu anasimama mwingine, anasema marehemu alimlipia karo ya muhula mzima na hakuwahi kumwambia mtu. Hilo nalo linapokelewa. Ndama hafuti karo, wala karo haifuti ndama. Mtu yule yule aliacha vyote viwili.

Nimefanya kazi hii ya kukaa na waliofiwa kwa muda mrefu, na kila siku naona kwamba kwa mambo ya ng'ombe na mashamba tuna adabu ambayo kwa mambo ya moyo hatunayo. Deni la ndama lina siku yake. Deni la Jumamosi usiku halikupewa siku. Mama yako anadai, kaka yako anadai, na wewe pia unadai, na hamjawahi kuulizwa. Nataka muulizane, kwa adabu ile ile.

Sasa mama. Ni rahisi kusema anadanganya, na nadhani kaka yako ndivyo anavyoona. Mimi sioni hivyo. Fikiria miaka ile. Mwanamke akipigwa, akikimbilia kwao, anaulizwa ng'ombe wa mahari watarudishwa na nani. Akienda kituoni anaambiwa hayo ni mambo ya nyumbani. Kanisani anaambiwa aombe. Sheria ya Kenya ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani ilikuja mwaka 2015, baba yako akiwa kaburini mwaka wa nne. Mama alikaa kwa sababu kila mlango aliobisha ulimrudisha pale pale, na akiwa pale alipika, alifua, aliwapeleka shule wote wanne. Leo ukimwambia mumewe alikuwa mtu mbaya, unadhani unamtetea. Yeye anasikia kitu kingine kabisa: ulikaa bure, na ukatukalisha sisi humo. Sifa anazommwagia baba yenu ni ukuta aliojenga kuzunguka miaka yake mwenyewe.

Tena kuna hofu, na hofu hii tusiidharau. Wengi wa kizazi chake walilelewa wakijua kwamba aliyekufa anasikia, na akitajwa kwa ubaya anaweza kurudi kusumbua watoto. Hata mama aliyeokoka miaka 30 anaweza kuwa nayo ndani. Usibishane naye juu ya hilo. Hukuja kumbadilisha imani.

Niruhusu nikueleze jambo nililoliona Kisumu, mtaa wa Nyalenda. Nimebadilisha mambo machache ili wenyewe wasitambulike. Nilikuwa nikikaa na mjane na watoto wake watatu. Wiki nne mfululizo nilimsikia akisema neno moja tu kuhusu marehemu: "Alikuwa mtu mzuri." Watoto wakiuliza zaidi, anarudia, "Mzuri kabisa." Wiki ya tano kijana wa mwisho akaja na redio ya baba yao, aliyoikuta juu ya kabati. Mama akaipokea, akaiweka mapajani, akafungua kifuniko cha nyuma. Betri zilikuwa bado ndani, zimevuja na kushika kutu. Akaitoa moja kwa ukucha, akaigeuza kwenye mwanga, akatuonyesha vishimo vidogo kwenye chuma. "Meno yake haya," akasema. "Zikianza kukata alikuwa anazianika juu ya bati. Zikikataa, anaziuma. Taarifa ya saa moja jioni hakosi." Akacheka mpaka akafuta macho. Halafu, bila kuulizwa na mtu, akaigeuza redio upande wa pili na kupitisha kidole kwenye ufa uliotoka pembeni hadi katikati. "Na hii ndiyo aliyonirushia. Nilikuwa na mimba yako wewe."

Hakuna aliyesema kitu. Binti mkubwa akasogea akaketi karibu na mama yake. Betri ile na ufa ule vilikuwa kwenye redio moja, na mama yule hakuhitaji kuchagua kimoja. Naamini angeulizwa moja kwa moja, "Baba alikuwa anakupiga?", angesema hapana mpaka leo.

Ndiyo maana nakushauri usimwulize mama yako baba alikuwa mtu wa namna gani. Swali hilo linadai hukumu, na mama hana hukumu ya kukupa. Muulize vitu. Alikuwa anapenda kula nini akirudi kutoka zamu ya usiku? Koti lake la kazi lilikuwa likitundikwa wapi? Nani alimfundisha kufunga mkono wa shati vile? Kisha nyamaza. Watu wengi wakimwuliza mzee swali, wanaharakisha kumsaidia kujibu. Usimsaidie. Akifika mahali pagumu na akapita pembeni, mwache apite. Amekuonyesha mahali penyewe palipo, na siku nyingine anaweza kurudi.

Kaka yako ni jambo tofauti. Amekupita miaka 11. Ulipokuwa unaanza darasa la kwanza, yeye alikuwa tayari kijana wa kutosha kusimama katikati ya baba na mama, na huenda alisimama. Pengine baba uliyemjua wewe alikuwa ameanza kuchoka, mkono umelegea. Baba aliyemjua yeye alikuwa na nguvu zake zote. Mlizika mtu mmoja, lakini kila mmoja wenu alizika baba wake.

Nchi hii iliwahi kuliona jambo hilo mahakamani. Wakili S.M. Otieno alipofariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986, mjane wake Mkikuyu, Wambui Otieno, alisema mumewe alitaka kuzikwa huko karibu na Nairobi alikoishi maisha yake. Ukoo wake wa Kiluo, Umira Kager, ulisema ni mwana wao na atazikwa Nyalgunga, Siaya. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufaa, ukoo ukashinda, naye akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa. Wengi waliifuata kesi ile kama mashindano ya Waluo na Wakikuyu, au ya mila na sheria. Mimi kila nikiikumbuka nawaona watu wawili waliokuwa wakimwelezea mtu yule yule, kila mmoja akisema alichokijua, na kila mmoja akisikia maneno ya mwenzake kama wizi. Mahakama inaweza kuamua mwili ulale wapi. Alikuwa nani, hilo mahakama haiwezi kuliamua, na familia pia isijaribu kulipigia kura.

Kwa hiyo kwa kaka usiende na ombi la kusamehe. Usimwambie "yaliyopita si ndwele." Amesikia hayo mara nyingi mno, na kila mara maana yake imekuwa nyamaza. Mwambie sentensi fupi: "Niliona. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka, na nakumbuka wewe ndiye uliyekuwa unatufungia mlango." Au chochote ulichokiona kweli, usitunge. Mtu aliyebeba jambo peke yake kwa miaka mingi, akisikia kwamba kulikuwa na shahidi, mara nyingi hapo ndipo mabega yanashuka. Asipojibu, ni sawa. Akikasirika, usijitetee. Na kama unaona hasira hiyo inamwingilia nyumbani kwake, au naye ameanza kunywa, hapo mtafutie mtu wa kuongea naye faraghani, maana hilo ni zaidi ya mnachoweza kulifanya jikoni kwa mama.

Mkikaa pamoja, msikae mezani. Meza inawapanga kama baraza. Desemba mtaenda nyumbani; kaburi liko pale uani, nadhani karibu na migomba kama kwa wengi, na watoto watakuwa wanakalia sementi yake wakila miwa. Kafyekeni nyasi pamoja, msafishe msalaba. Mkono ukiwa na kazi, mdomo unakuwa mwepesi, na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Mkianza kusema, jaribuni kusema alichokuwa akifanya badala ya kumpa jina. "Baba alikuwa mlevi" linafunga mlango, kwa sababu mama atajibu "hakuwa mlevi" na mtakuwa mmeshagombana. "Jumamosi baba alikuwa akinywa, na sisi tulikuwa tukijificha nyuma ya tangi la maji" hakuna wa kulikanusha, maana mlikuwa huko. Na kila mtu aseme "mimi nilimwona," asiseme "baba alikuwa." Nimeona jambo hilo dogo likizuia vita.

Sasa Baraka. Mtoto wa miaka 9 ameshaelewa kifo. Anajua aliyekufa harudi, na kwamba kila mtu atakufa. Yale ya "amelala" na "amesafiri", ambayo hata kwa wadogo hayafai kwa sababu wanaanza kuogopa kitanda au kusubiri mgeni getini, kwake yamepitwa kabisa. Anachotafuta ni mtu aliyebeba lile jina kabla yake. Na kuna jambo ambalo mtoto mwenye jina la mtu hulihisi hata asipoambiwa: akitajwa, wakubwa wanabadilika sura. Baraka ameona mjomba akisukuma sahani. Msipomwambia sababu, atajitungia yake, na ya kujitungia huwa mbaya kuliko ya kweli. Anaweza hata kudhani ni yeye aliyekosea.

Kabla ya kumwambia la kipigo, mwombe mama ruhusa. Kilimpata yeye, kwa hiyo ni habari yake kabla haijawa yako. Akikubali, unaweza kusema hivi, kwa maneno yako: "Babu alifanya kazi reli. Jumapili jioni alikuwa anatupiga viatu rangi sisi wote wanne. Alikuwa na shida ya pombe, na akinywa alikuwa anampiga nyanya. Halikuwa kosa la nyanya, na halikuwa kosa letu. Tulimwogopa, na tulimpenda." Mama akikataa, ishia kwenye kwamba akinywa alikuwa mkali na watu wa nyumbani waliumia. Ni kweli bado, na haijamvua mama nguo. Usiruke sentensi ya kosa. Watoto huitafuta hiyo kwanza.

Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwahi kuwauliza watoto maswali 20 kuhusu familia zao: babu na nyanya walikulia wapi, wazazi walikutana vipi, kuna nani aliyepatwa na balaa. Waliojua mengi walionekana kujiamini zaidi. Na masimulizi yaliyowajenga zaidi yalikuwa yale ya kupanda na kushuka, tulianguka hapa, tukainuka pale, kuliko yale ya ushindi mtupu. Wasifu wa Vihiga ni ushindi mtupu. Kimya cha kaka ni anguko tupu. Baraka anahitaji vyote viwili kwa pamoja.

Ataweza pia kukuuliza, leo au akiwa na miaka 14: "Na mimi nitakuwa hivyo?" Hapa ndipo narudi kwenye viatu. Wewe ni wa huku kwetu, unajua kwamba jina la mtu aliyeharibu kabisa halirudishwi nyumbani. Wazee wanaliacha life naye. Hukulazimishwa kumpa mwanao jina hili. Alikuwa mtoto wako na mumeo, na mngeweza kuchukua jina la upande mwingine wowote. Ulipolichagua, kuna kitu ulikuwa unasema juu ya baba yako, na nadhani hukijui mwenyewe kwa sababu kila ukikikaribia unaandika "si la maana." Mwanamume yule alikaa chini Jumapili jioni, akapanga jozi nne za viatu vya watoto wake, akazipiga rangi moja moja. Huenda ilikuwa njia yake ya kuomba msamaha wa jana. Huenda kaka yako anavichukia viatu hivyo kwa sababu hiyo hiyo, na akisema hivyo mwache aseme, usimnyang'anye. Lakini wewe unavipenda, na una haki navyo. Hicho ndicho ulichotaka kiendelee, na Baraka anaweza kuambiwa hivyo: nilikupa jina la babu kwa ajili ya Jumapili zake, na Jumamosi zake hazikuja na jina.

Kuhusu kazi ya shule, mpe Baraka simu ampigie nyanya yake mwenyewe, wewe ukiwa umekaa karibu, aulize ile brashi ya viatu ilienda wapi. Aandike atakachosikia. Mwalimu hahitaji kujua yote. Kuna mambo ya faragha, ambayo nyumbani tunayaongea na nje hatuyatangazi, na kuna siri, ambazo hata nyumbani haziruhusiwi. Mweleze tofauti hiyo sasa, ana umri wa kuielewa. Akikuuliza kama aandike na lile la pombe, mwache achague, na umwambie kwamba hata asipoliandika halijawa siri, kwa sababu yeye na wewe mmeshaliongea.